Aliyekimbia Magari Akageuka Gari

Kisa hiki ni cha kufunza. Kijana wake hana jina, kwa sababu ukikaa asubuhi moja kando ya njia za Tengeru utamwona akipita, leo juu ya baiskeli ya bluu, kesho juu ya nyekundu.

Alikuwa mwenyeji wa Akheri, mfanyakazi wa mjini Arusha. Mwanzoni baiskeli yake ilikuwa ya kwendea kazini tu. Kila alfajiri alishuka hadi Tengeru, akashika barabara kuu ya Moshi kuelekea mjini, na huko akafundishwa sheria ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu anaitii: mwenye nguvu mpishe. Lori linalisukuma basi, basi linakisukuma kifodi, kifodi kinaisukuma bodaboda, na bodaboda inamsukuma mwendesha baiskeli mpaka mtaroni. Hofu yake haikuwa ya bure. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki.

Basi akaihama lami. Alipata baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya changarawe: fremu nyepesi, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, matairi mapana kidogo yenye meno madogo. Mchezo wa baiskeli za namna hiyo umeshika kasi Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2021 wenzetu wa Kenya wana mashindano ya Migration Gravel Race kwenye njia za vumbi za Maasai Mara, na vijana wa huku huziangalia picha zake kwenye simu na kutamani.

Wala haikumlazimu kwenda Mara. Ukishuka kutoka Akheri, ukavuka barabara kuu pale Tengeru, mwendo mfupi tu unakufikisha Ziwa Duluti. Ni ziwa la kasoko, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,290 kutoka usawa wa bahari, dogo lisilofika kilomita moja ya mraba, limezungukwa na msitu wa hifadhi wenye kima na kenge. Mlima Meru uko juu yake, na siku ya anga safi hata Kilimanjaro huonekana. Nje ya msitu ule ziko njia za changarawe na za vumbi zinazopita katikati ya mibuni na migomba, zinavuka mifereji ya maji, zinapanda, zinashuka, na unaweza kuzunguka muda mrefu usikutane na gari hata moja.

Kijana alipogundua hilo alifanya maamuzi matatu, na yote matatu aliyajenga juu ya sababu moja: huku hakuna magari.

Kwanza aling'oa kengele. Fundi wake wa chini ya mti alimuuliza, "Dogo, hii naiweka wapi?" Akajibu, "Kaa nayo, kaka. Huko ninakopita nampigia nani?"

Pili, alijaza upepo mpaka matairi yakawa magumu kama ya barabara ya lami, maana alikuwa amesikia kwamba tairi gumu linakimbia zaidi.

Tatu, aliacha kufunga breki kabla ya kona. Kwenye lami alikuwa akipunguza mwendo kwa kuogopa kinachokuja mbele. Huku, alijiambia, hakuna kinachokuja.

Ikafika Jumamosi. Mtu yeyote wa Akheri anajua Jumamosi ni siku gani: ni siku ya soko la Tengeru. Njia zile zile zisizo na magari hujaa watu tangu kunapopambazuka. Kina mama wanashuka na ndizi, maparachichi, mboga na madebe ya maziwa. Watoto wanaswaga mbuzi. Wazee wanatembea katikati ya njia kwa sababu katikati ndiko kusiko na mawe. Kijana alikuwa akishuka kwenye mteremko wenye kona iliyofichwa na migomba. Alipoimaliza kona, mbele yake alikuwapo mama mmoja wa makamo na mkungu wa ndizi kichwani.

Hapa tusimame kidogo tumtazame yule mama, maana watu wa baiskeli hawamtazami vya kutosha. Mtu aliyebeba mkungu kichwani hageuzi shingo. Akitaka kuona nyuma, sharti ageuke mwili mzima, polepole, miguu ikitangulia. Hawezi kuruka pembeni, maana mzigo utamwangusha kabla baiskeli haijamfikia. Anategemea masikio, na masikio yake siku ile hayakusikia kengele yoyote. Alisikia kokoto zikichakarika mgongoni kwake wakati kijana ameshafika, akageuka upande ule ule ambao kijana alikuwa amechagua kupita.

Kijana akabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Tairi la mbele likateleza, akaanguka ubavu, na baiskeli ikaenda yenyewe mpaka miguuni kwa mama. Ndizi zikatawanyika hadi mferejini. Mzee aliyekuwa akipalilia mibuni jirani akaja mbio na jembe mkononi.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema, angali chini.

"Marahaba. Mwinue kwanza mama yako, salamu zitafuata."

Mkono wa yule mama ulikuwa umevunjika kifundoni. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda, akafungwa P.O.P., na kwa wiki nyingi hakuweza kushika jembe wala kujitwisha mzigo. Jioni ile kijana aliitwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Alikubali kulipa matibabu, ndizi, na vibarua wa kumpalilia mama shamba lake. Alipojitetea kwamba njia ile haina magari, ndiyo maana alikimbia, mzee wa jembe alimjibu:

"Mwanangu, gari lingepita tungelisikia tangu kule chini. Pikipiki ingepita tungeisikia. Wewe ulikuja na mwendo wa pikipiki, lakini mlio hukuwa nao."

Jibu hilo ndilo funzo lenyewe. Kijana alikimbia sheria ya mwenye nguvu mpishe, kumbe aliibeba mgongoni akaja nayo njiani kwa watu. Kule lami yeye ndiye aliyekuwa mnyonge, na alilalamika kwa haki. Huku changarawe hakuna lori wala basi, kwa hiyo chombo chenye nguvu kuliko vyote kilikuwa chake. Magari yakiondoka njiani, udereva hauondoki. Anayepita kwa kasi kuliko wenzake ndiye dereva, na mzigo wote wa dereva unamwangukia.

Na ukiwa dereva wa changarawe, hesabu zake ni kali. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao kwenye mteremko huja bila hata kukanyaga pedeli, ni zaidi ya mita 8 kila sekunde. Tangu jicho lione mpaka mkono ubane breki, sekunde moja hivi imekwisha, na mita 8 zimekwenda nayo. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kubana breki huongezeka mara nne. Hiyo ni pale tairi linaposhika ardhi, na changarawe haishikiki. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu baiskeli ikipunguza mwendo uzito hukimbilia mbele. Lakini ukiibana ghafla juu ya kokoto, tairi linaacha kuzunguka na kuanza kuteleza, na tairi la mbele likiteleza usukani hauna kazi tena. Tairi lililojazwa upepo kupita kiasi huongeza balaa: linadundadunda juu ya mawe badala ya kuyakumbatia.

Asije mtu akadhani haya ni mambo ya wanagenzi. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, alishika nafasi ya tatu katika mbio za baiskeli za Tour du Rwanda mwaka 2017. Tarehe 27 Agosti 2022, akiwa na umri wa miaka 33, alifariki baada ya kuanguka kwa mwendo mkali katika mashindano ya changarawe ya Vermont Overland huko Marekani. Alikuwa miongoni mwa waendeshaji bora kabisa waliopata kutoka ukanda huu. Ikiwa changarawe haikumwachia yeye, haitamwachia mtu wa Jumamosi asubuhi.

Sisemi watu waache kuendesha. Njia za Duluti ni neema, na kijana anayezunguka huko anajenga mapafu yake badala ya kumezwa na moshi wa barabara kuu. Lakini zina adabu zake. Rudisha kengele, na uipige mapema, kabla ya kona, usingoje kuona mtu. Punguza upepo wa matairi. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, kwa breki zote mbili, taratibu, ndipo uingie konani. Ile njia nyembamba inayozunguka ziwa ndani ya msitu ni ya waenda kwa miguu, na kingo zake zinashuka hadi majini. Iache baiskeli nje utembee. Wakati wa masika udongo ule wa volkano huteleza vibaya. Wakati wa kiangazi vumbi lake huficha kokoto. Jumamosi ondoka mapema kuliko soko, au chagua siku nyingine.

Na juu ya yote, ukikutana na mtu mwenye mzigo kichwani, shuka. Msalimie, mpishe, apite yeye kwanza. Ikiwa njia haina gari, basi mwenye nguvu ni wewe, na safari hii mwenye nguvu ndiye anayepisha.