Dashibodi Haioti Tena

Peugeot 504, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ikiangukia mikononi mwa kijana leo, kitu cha kwanza anataka mziki. Sawa, nani hataki? Lakini fundi akishika msumeno apanue tundu la redio, nauliza: aliyelipia gari ana haki ya kulifanya lolote? Utaniambia gari si makumbusho. Kweli bwana. Ila waya huchomolewa; dashibodi iliyokatwa haioti tena. Basi ficha amplifaya ndogo ya blututhi chini ya kiti, spika ziwe kwenye boksi nyuma, waya wa umeme upitie fyuzi karibu na betri. Pesa kidogo, mziki unadunda. Kesho gari litaendeshwa na mwingine. Mwachie naye nafasi ya kuchagua.