Kitabu cha Historia kwa Kijana Asomaye Nyumbani

Wazazi wa Lipangalala hutuuliza sisi waalimu swali moja mara kwa mara, nalo twaona lastahili kujibiwa mbele ya wote: Kijana asomaye nyumbani apewe kitabu gani cha historia? Swali hili laonekana dogo, kama kuuliza bei ya daftari. Walakini ndani yake mna swali kubwa zaidi, nalo ni hili: Je, ni haki kumpa mtoto kitabu kitakachomsumbua moyo?

Katika mji wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero wako vijana wasiokaa darasani. Wengine waliacha shule kwa ugonjwa, wengine kwa umaskini, na wako mabinti walioondolewa kwa kupata mimba, kabla serikali haijawaruhusu wenzao kurudi shuleni mwezi wa Novemba mwaka 2021. Hao hujitayarisha nyumbani kwa Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT, na baada yake kwa mtihani wa kidato cha nne, wakiwa watahiniwa wa kujitegemea. Tena mvua zikianza, jamaa nyingi huhamia mashamba ya mpunga, naye kijana huenda na kitabu kimoja tu katika mfuko, pamoja na jembe na sufuria. Mwenye kitabu kimoja kwa msimu mzima yampasa akichague kwa uangalifu kuliko mwenye kabati zima la vitabu.

Twaona wazazi hukosea kwa njia mbili. Wako wanaochagua kitabu chepesi mno, chenye orodha ya wafalme na miaka, ili mtoto akariri upesi na kuonekana ana akili. Na wako wanaochagua kitabu kinene cha Kiingereza, wakidhani ya kuwa kitabu asichokielewa mtu ndicho chenye elimu. Wa kwanza mtoto wake hashibi; wa pili mtoto wake hali kabisa.

Katika Waraka kwa Waebrania mna mfano wa maziwa na chakula kigumu: mtoto mchanga hupewa maziwa, bali mtu mzima hupewa chakula cha kutafuna, maana amezoeza akili yake kupambanua mema na mabaya. Tuangalie sana neno hili. Chakula kigumu cha akili si maneno magumu, bali ni kazi ya kupambanua. Basi yatupasa kutenga mambo mawili: ugumu wa lugha na ugumu wa mambo yenyewe. Kitabu chaweza kuwa na Kiswahili chepesi kama mazungumzo ya jioni, na bado kikamlaza msomaji macho usiku kucha. Na kitabu kingine chaweza kuwa na Kiingereza cha kuvunja meno, na ndani yake msiwe na jambo lolote la kufikiri.

Tutoe mfano wa bonde letu wenyewe. Tarehe 30 Agosti mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Wajerumani huko Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero. Bunduki za mzinga ziliwaangusha wengi. Lakini Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alikuwa upande wa Wajerumani. Leo wajukuu wa pande zote mbili huketi katika kanisa moja na kuchota maji katika kisima kimoja. Kitabu chepesi husema kwamba watu wote waliungana dhidi ya mgeni, kisha hufunga habari. Kitabu kinachofaa humweleza kijana kwamba wengine hawakuungana, nacho humlazimisha kuuliza sababu: Je, Kiwanga aliwaogopa Wahehe na Wambunga kuliko alivyowaogopa Wajerumani? Je, mtu anayewalinda watu wake kwa kusuhubiana na mwenye nguvu ni msaliti, au ni mchungaji? Hilo ni chakula cha kutafuna.

Na hesabu ya waliokufa ni vivyo hivyo. Serikali ya Wajerumani ilitaja watu 75,000. Gwassa, mwanahistoria wa Kitanzania, alikadiria watu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa iliyofuata vita. Kijana anayekariri hesabu moja tu amejifunza tarakimu. Yule anayepewa zote mbili na kuulizwa, «Nani alihesabu, naye alikuwa na haja gani?» huyo ameanza kujifunza historia.

Tena viko vitabu viwili vya Kiswahili ambavyo twapenda visomwe pamoja. Cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe, yakapigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1902 na 1903. Humo mfanyabiashara wa pembe anasimulia safari, mapigano na mateka bila kutubu. Cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, nacho kimeandikwa na mwana wa watu waliookolewa na kuwekwa Freretown, karibu na Mombasa. Lugha ya vyote viwili haimshindi kijana wa kidato cha pili. Walakini akivisoma kwa kufuatana, atapata kazi. Katika kile cha kwanza atakutana na mtu hodari, mcheshi, mwenye akili, ambaye aliuza watu. Itamlazimu kujua ya kuwa uovu hauji sikuzote na sura ya kutisha. Katika kile cha pili atafurahi pamoja na waliofunguliwa, nasi Wakristo twafurahi pia, kwa kuwa wamisionari wanasifiwa humo. Lakini hapo ndipo yatupasa kumwuliza: Mbona lawama karibu yote imetwikwa Waarabu? Wako wapi watu wa bara waliouza jirani zao? Na ikiwa Wazungu walikuja kuufuta utumwa, mbona Wajerumani walitawala nchi hii mpaka Vita Kuu bila kuufuta wote, hata ukaja kufutwa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922? Kitabu kinachotusifu sisi ndicho tunachopaswa kukipima zaidi.

Kwa wale wanaoweza Kiingereza, kiko kitabu cha mwaka 1935 juu ya Wabena wa mito yetu, kiitwacho Ubena of the Rivers, kilichotungwa na Bwana Culwick, ofisa wa Kiingereza, na mkewe, pamoja na sura moja ya Mtema Towegale Kiwanga. Hapo ofisa anasema, na mtawala anasema. Kijana aulizwe: Mndamba aliyetawaliwa angesema nini, kama angepewa sura yake?

Twajua wako wazazi watakaotupinga. Wa kwanza atasema, «Mambo haya yatawafanya watoto wawadharau wazee wao, na kuamsha ugomvi uliolala.» Neno hili lina uzito, wala hatulidharau, mtoto mdogo asipewe aibu za babu kabla hajajifunza kumheshimu. Lakini kijana wa miaka 16 amekwisha kuyasikia hayo kilabuni na sokoni, tena yakiwa yametiwa chumvi na chuki. Tusipomwambia kwa utaratibu, ataambiwa kwa matusi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nayo Maandiko Matakatifu hayakumficha Daudi: dhambi yake juu ya Uria imeandikwa wazi, wala hatukuacha kumheshimu kwa sababu hiyo. Heshima inayosimama juu ya uwongo huanguka siku ile mtoto anapoujua ukweli, na ikianguka huangusha pamoja nayo mambo mengine tuliyomfundisha.

Wa pili atasema, «Mtahini hataki mambo hayo, ataka majibu.» Ni kweli, mtihani hauna budi kushindwa, na kitabu cha mtaala kitangulie. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia katika mtaala mpya mwaka 2024, lafundishwa kwa Kiswahili, na jambo hilo limemsaidia mzazi kufuatana na mwanawe. Lakini kitabu cha mtaala ni kama njia kuu: humfikisha mtu mjini, wala hakimwonyeshi vijiji vilivyo kando. Saa moja kwa juma kwa kitabu cha pili haitamharibia mtu mtihani wake.

Basi mzazi atajuaje kama kitabu chamfaa mwanawe? Na atumie kipimo hiki. Kijana asome kurasa mbili, afunge kitabu, aeleze. Asipoweza kueleza lolote, kitabu kiko juu yake. Kiwekwe mpaka mwaka ujao. Akieleza yote kama kasuku, wala hana swali hata moja, kitabu kiko chini yake. Akieleza mengi, akikwama mahali pawili patatu, kisha akisema, «Lakini hapa sielewi mbona walifanya hivi,» basi hicho ndicho kitabu chake, aachwe nacho.

Wala mzazi asiyejua kusoma asijitenge na kazi hii. Mama apepetaye mchele uani aweza kumwuliza mwanawe maneno matatu: Nani aliyeandika haya? Yeye aliyajuaje? Na ni nani aliyekuwapo lakini hakuulizwa? Maswali haya hayahitaji Kiingereza wala cheti. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam, kilichokuwa wakati ule tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitumwa vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, kwa sababu barua za Wajerumani peke yake hazikutosha. Wasomi wakubwa walifanya kazi ileile ambayo kijana wa Lipangalala aweza kuifanya kibarazani pa bibi yake, akiwa na daftari na kalamu, na kuilinganisha na kitabu chake.

Twarudi kwenye swali letu. Je, ni haki kumpa mtoto kitabu cha kumsumbua moyo? Sisi twajibu kwamba ni haki, tena ni wajibu, kwa masharti mawili: kwamba lugha yake isimzuie kuingia, na kwamba asiachwe peke yake akiisha kuingia. Mzazi anayenunua kitabu kigumu kisha akaenda zake amefanya nusu ya kazi. Na aketi jioni moja kwa juma, taa ikiwaka, amsikilize mwanawe. Pengine ataulizwa jambo la ukoo wake mwenyewe ambalo hakutaka kulisema. Basi na alijibu kwa kweli, kwa upole, maana kijana huyo kesho ataishi kwa jirani na wajukuu wa wale waliopigana na babu yake, naye atahitaji kujua yaliyotokea ili aishi nao kwa amani.