Undugu wa mgeni wa kazi

Anayesafiri kwa matembezi huuchagua mji wake. Anayesafiri kwa kazi huchaguliwa. Ofisi humpa tiketi, posho, jina la mwenyeji wake na orodha ya mambo ya kukagua, na mji wenyewe haumo katika orodha hiyo. Atauona jioni akishafunga makabrasha, kwa miguu, akiwa amechoka. Wengi wetu tumeijua Afrika kwa mtindo huo: Lilongwe kati ya semina mbili, Addis Ababa kupitia dirisha la teksi.

Mimi ofisi ilinichagulia Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo. Orodha yangu ilihusu ghala za dawa za vituo vya afya, za mjini na za vijiji vya kuelekea Kabambare, hadi upande wa Lusangi. Niliipokea kwa furaha ambayo sikumweleza bosi wangu. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na nyumbani kwetu jina la Manyema lilitajwa kabla sijajua kusoma.

Aliyekulia Ujiji, Tabora, Kariakoo au Buyenzi kule Bujumbura anawajua Wamanyema. Dar es Salaam wana msikiti unaoitwa kwa jina lao. Walitoka upande ule katika karne ya 19, kwa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, karibu na mto Lualaba. Nguo, shanga na bunduki zilikwenda. Pembe za ndovu na watu walirudi. Wako waliokuja wamefungwa, wako waliokuja wapagazi, wako waliokuja askari, na wako waliokuja wake wa watu bila kuulizwa. Bibi yangu alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu neno moja tu, Manyema, akaendelea na kazi zake. Hatukumdadisi zaidi, na leo hayupo wa kudadisiwa.

Kwa hiyo nilikwenda Kasongo na kazi mbili, moja ya ofisi na moja yangu.

Kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo, unavuka Lualaba kwa kivuko, kisha unaikabili barabara ya udongo ya zaidi ya kilomita 200. Mvua ikinyesha, hesabu ya saa haina maana tena. Njiani tuliwapita wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa mchele, madumu ya mafuta ya mawese na magunia ambayo mtu wa Dar es Salaam angeyaitia kirikuu. Hawaziendeshi baiskeli hizo. Wanatembea kando yake, siku baada ya siku, mlimani wanasukuma na mteremkoni wanazuia. Mkaguzi wa dawa anayeuliza kwa nini sanduku fulani limechelewa angefaa kwanza atembee nao nusu siku.

Kasongo si mji wa kukutisha. Una kanisa kuu la Kikatoliki, makao ya jimbo la kanisa tangu 1959, una misikiti mingi, una chuo kikuu, majengo ya matofali ya zama za Wabelgiji, na miembe. Jioni nilikuwa nikifunga daftari na kutoka. Sokoni nilikuta sombe, yaani kisamvu, samaki wa Lualaba, karanga, ndizi, na mchele, zao ambalo misafara ya pwani ililieneza katika nchi hiyo na hadi leo linalimwa kwa wingi. Nilijifunza kuikagua noti ya dola kabla ya kuitoa, maana yenye mchaniko mdogo tu ukingoni hakuna mwuzaji atakayeipokea. Ijumaa niliwaona wazee wa kanzu na kofia wakipita kwa namna ileile niliyoiona Ujiji utotoni. Na kila mahali, kuanzia kwa mama wa sokoni hadi kwa kijana wa pikipiki, Kiswahili.

Kwa mtu wa Kigoma hilo linalevya. Unasalimu, unajibiwa. Unaulizwa umeamkaje, nyumbani salama, watoto salama, na salamu haiishi upesi. Unakula bugali na sombe ukahisi umefika kwa shangazi. Nilipomwambia mama mmoja muuza mchele kwamba asili yangu ni huku, alifurahi kweli, akapima kopo la nyongeza. Kisha akauliza: “Mama, weye ni wa nani? Mbangubangu? Mzimba? Mkusu?”

Sikuwa na jibu. Kule kwetu Wamanyema ni kabila, lina wazee wake, ngoma zake na harusi zake. Kule Kasongo, Maniema ni jina la jimbo. Watu wake ni Wabangubangu wa Kabambare, Wazimba, Wakusu, Wasongola, Walega, na Wagenya walio wavuvi wa mtoni. Waliokusanywa kutoka kwa hao wote wakapewa jina moja walipofika upande wetu wa ziwa, kwa kuwa aliyewachukua hakuwa na haja ya kujua zaidi. Kiswahili kilinifikisha hadi kwenye swali la yule mama, kikaniacha hapo. Na Kiswahili chenyewe kilifika Kasongo kwa miguu ya misafara ileile.

Usiku ule nilimkumbuka mgeni mwingine wa kazi aliyedai undugu katika nchi hizo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikuja kutafuta pembe. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode, anasimulia jinsi alivyosikia habari za mtawala wa Utetera, Kasongo Rushie, ambaye dada zake walitekwa zamani na watu waitwao Warua. Akaishika habari hiyo. Akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wa wanawake hao, na mzee yule akamkabidhi utawala. Pembe zilizokuwa mali ya sultani zikawa mali ya mjukuu. Anaisimulia hila hiyo bila haya, kama mfanyabiashara anayesimulia bei nzuri aliyoipata. Baadaye aliufanya mji wa Kasongo kuwa makao yake, akawa wali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa mapatano na watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kisha akarudi Zanzibar na kufia huko mwaka 1905.

Hakuwa peke yake kupita huko kwa kazi. David Livingstone alikuja kutafuta chimbuko la Nile. Vidonda vya miguu vilimlaza miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare, mwaka 1870 hadi 1871. Tarehe 15 Julai 1871, pale Nyangwe, watu wa misafara waliwafyatulia risasi wachuuzi wa sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi au kwa maji ya mto. Livingstone aliyaona hayo, akayaandika, akageuza njia kurudi Ujiji. Sidney Hinde, daktari katika jeshi la Leopold, aliingia Kasongo ulipotekwa tarehe 22 Aprili 1893. Kitabu chake cha 1897 kinasifu bustani, maghala ya nafaka na vyombo vya anasa alivyovikuta humo. Mmoja aliona mto, mwingine aliona nyara. Wenyeji walikuwepo wakati wote huo, wakilima, wakipika, wakizika, na katika taarifa za wageni hutokea pale wanapohitajika kubeba mzigo.

Mji wa zama hizo haupo pale ulipo mji wa leo. Mahali pake panaitwa Tongoni. Mwaka 2020 jarida la Antiquity lilichapisha kazi ya Noemie Arazi na wenzake, Wakongomani wakiwemo, walioshughulikia mabaki ya zama hizo za Waswahili na Waarabu katika Maniema pamoja na kumbukumbu za wenyeji. Nilifurahi kwamba katika kazi ile kumbukumbu ya mzee imewekwa karibu na kigae kilichotoka ardhini. Kwa miaka zaidi ya 100 habari za Kasongo zilisimuliwa na waliopita tu.

Orodha yangu ikanifikisha upande wa Lusangi. Kituo cha afya nilichokikagua kilikuwa kimefagiliwa vizuri, daftari zake zimeandikwa kwa mkono wa subira, na rafu ya dawa za watoto ilikuwa tupu. Barazani walikuwa wamekaa wajumbe wa kamati ya afya ya kijiji. Baada ya salamu nilimwambia mzee wao kwamba mimi ni mtoto wa Ujiji na kwamba bibi zangu walichukuliwa kutoka nchi hii. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Akaniuliza jina la kijiji, sikulijua. Akaniuliza jina la sultani, sikulijua. Akatikisa kichwa, akasema polepole: “Mama, watu mingi wanafikaka hapa na hiyo maneno. Utuambie kwanza: dawa itafika siku gani?”

Wenzake walicheka, na mimi nikacheka. Lakini swali lilikuwa zito. Mzee hakukataa kwamba huenda mimi ni damu yake. Alichofanya ni kupanga mambo kwa utaratibu wake. Nchi yake imeshapokea wageni waliosema sisi ni wajukuu wenu, na wengine waliosema tumekuja kuwakomboa, na wengine waliosema tumekuja kuwafungulia mgodi. Imejifunza kumpima mgeni kwa kitu kimoja kinachopimika: alitumwa kufanya nini, na je, atakifanya? Undugu unaweza kungoja. Mtoto mwenye malaria hawezi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee yule aliichukua methali hiyo kama ilivyo. Nilimweleza kile nilichokijua, kwamba shehena iko Kindu inangoja usafiri, nikakaa na muuguzi mkuu kuhesabu upya kila kopo na kila pakiti, ili hesabu itakayokwenda Kindu isiwe na tundu la kumpa mtu kisingizio.

Kasongo inao mfano bora wa mgeni aliyepimwa kwa kazi kuliko wangu. Mwaka 1971 ulianza mradi wa afya ulioshirikisha Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, nchini Ubelgiji. Madaktari waliokuja hawakuwa na bibi huku, na walitoka nchi iliyotawala Kongo kwa mkono mzito. Walichokileta ni kazi yenye utaratibu: vituo vidogo karibu na watu, hospitali moja nyuma yake, rekodi zinazotunzwa, na wanakijiji wenye sauti katika uendeshaji. Utafiti wao kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981, na wataalamu wa afya ya jamii bado wanaujadili. Muhimu zaidi, uzoefu wa Kasongo ulikuwa miongoni mwa mifano iliyozaa mfumo wa kuigawa nchi nzima katika zoni za afya. Leo zoni hizo zimepita 500, na nchi imeendelea kuzitegemea katika vita na katika ebola. Mji ambao wageni walizoea kuchukua kutoka kwake uliipa Kongo yote namna ya kujitibu.

Siupambi ukoloni kwa kusema hivyo, wala sidharau kiu ya mtu kutafuta asili yake. Kiu hiyo ninayo bado. Ninachosema ni kwamba anayetumwa kikazi katika mji asioujua hukutana na kishawishi cha kuutumia mji kwa haja zake: picha za kuonyesha, hadithi ya kusimulia, asili ya kujivunia. Tippu Tip alidai undugu akapata pembe. Sisi wa leo tunaweza kudai undugu tukapata machozi matamu na makala ya gazetini, na rafu ikabaki tupu. Tofauti ya bei ni kubwa, lakini mwenendo unafanana.

Utembee mjini, ndiyo. Toka hotelini, kula wanachokula, salimu hadi salamu iishe, uliza njia hata kama unaijua. Ila hayo yote hayalipi deni la kazi uliyotumwa. Posho unayoila imetolewa kwa jina la watu wa pale. Orodha uliyonayo mkononi, hata ikichosha, ndiyo ahadi pekee waliyopewa kwa maandishi.

Na kwa sisi tuitwao Wamanyema, wa Ujiji, wa Tabora, wa Kariakoo: wazee wetu waliobaki waulizwe leo jina la kijiji, la mto, la sultani, lolote wanalolikumbuka, na liandikwe. Siku mmoja wetu atakapotumwa tena Kabambare au Lusangi, apeleke kwanza dawa. Akishazikabidhi na kutiliwa sahihi, ndipo aketi barazani na kulitaja jina hilo.