Damu, Ushahidi na Kitanzi: Hukumu ya Kifo Ikitazamwa kutoka Nanyuki

Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamsimamisha Karama mbele ya baraza na kumpa kazi isiyo ya kawaida kwa mshtakiwa. Badala ya kujitetea yeye tu, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarejea na maarifa, wakalipwa kifungo. Mwishoni mfalme anaamuru wajumbe hao wafunguliwe. Huenda msomaji akauona mwisho huo kuwa mwepesi mno, kana kwamba dhuluma ni vumbi la kupanguswa kwa neno moja la mtawala. Hata hivyo, kuna jambo katika muundo wa hadithi hiyo ambalo aghalabu hupitwa: wajumbe wote wangali hai. Lau baraza la Kusadikika lingaliwanyonga, utetezi wa Karama ungalikuwa maombolezo tu, na mfalme asingalikuwa na wa kumfungulia mlango.

Swali la makala haya linatokana na uhai huo. Je, mtu aliyehukumiwa kifo ana haki ya kudai kwamba damu, nywele au mate yaliyopatikana mahali pa uhalifu yapimwe vinasaba, yaani DNA, kabla ya hukumu yake kutekelezwa? Nchini Kenya swali hili huonekana kuwa la watu wa mbali. Hakuna aliyenyongwa kwa amri ya mahakama tangu Julai 1987, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo walipopelekwa kitanzini Kamiti kwa ajili ya jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo marais wamebadilisha hukumu za kifo kuwa vifungo vya maisha kwa mkupuo: Mwai Kibaki mwaka 2009, kwa wafungwa zaidi ya 4,000, Uhuru Kenyatta mwaka 2016, kwa wafungwa 2,747, na William Ruto mwaka 2023. Yamkini mtu akasema kuwa mjadala umekwisha. Hoja hapa ni kinyume cha hivyo. Kitanzi kinachoning'inia bila kutumika ndicho hasa kinachoilaza dhamiri, kwa kuwa hapana alfajiri inayomlazimu jaji, waziri au raia kuuliza kama mtu huyu ndiye. Hukumu hubaki kwenye karatasi, shaka hubaki nayo, na mwenye kuhukumiwa huzeeka katikati ya hizo mbili.

Nyeri inajua jinsi ilivyokuwa pale kitanzi kilipotumika. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa mjini humo kwa kupatikana na bastola na risasi, akahukumiwa mwezi Novemba, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Haikutimia miezi mitatu baina ya hukumu na kifo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipoiandika upya kesi hiyo katika tamthilia iliyowafikia wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, waliifungua mahakama ambayo dola ilikuwa imekwisha kuifunga. Fasihi ikawa rufaa. Lakini ni rufaa isiyoweza kumrudisha mtu, na hata mwili wake haukurudi. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 baada ya miongo ya kudai mabaki ya mumewe ili ayazike. Kwa Kimathi, kazi pekee iliyosalia kwa DNA ni kutambua mifupa. Hapana mfano ulio wazi zaidi wa kipimo kinachofika wakati ambapo hakiwezi tena kujibu swali lililokuwa na maana.

Kilomita 60 hivi kutoka Nyeri, katika mji wa Nanyuki, damu imeitwa kutoa ushahidi katika mambo mengine. Watoto waliozaliwa na wanawake wa huko kwa askari wa Kiingereza waliopita katika kambi ya mafunzo walikua bila baba na bila karatasi. Katika miaka ya hivi karibuni sampuli zao zimelinganishwa na hazina za vinasaba ambazo watu wa Ulaya hujiandikisha kwa hiari wakitafuta nasaba zao, na mahakama ya London imethibitisha ubaba wa baadhi yao. Wahenga waliposema damu nzito kuliko maji hawakuwa na habari za maabara, lakini mahakama hiyo imewasadiki kwa njia ambayo wasingeidhania.

Mji huohuo unabeba msiba wa Agnes Wanjiru, mama kijana wa mtoto mchanga, aliyetoweka mwishoni mwa Machi 2012, na mwili wake ukapatikana katika tangi la maji taka la hoteli baada ya majuma kadhaa. Uchunguzi wa mahakama uliokamilika mwaka 2019 uliamua kuwa aliuawa, na kwamba waliohusika walikuwa askari wa Kiingereza. Ilimbidi Mkenya asubiri hadi Septemba 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi itoe hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza, ambaye kisheria angali mtuhumiwa tu. Sheria ya Uingereza ya 2003 inakataza mtu kupelekwa nchi anakoweza kuhukumiwa kifo, isipokuwa kwa ahadi ya maandishi kwamba adhabu hiyo haitatekelezwa. Ahadi hiyo ni njema. Linalosumbua ni kwamba kijana wa Majengo, mjini Nanyuki, akishtakiwa kwa kosa lilelile, hana nchi ya pili ya kumwombea ahadi kama hiyo.

Kijana huyo ana nini basi? Kifungu cha 122A cha Kanuni ya Adhabu kinampa afisa wa polisi mwenye cheo cha inspekta au zaidi uwezo wa kuamuru mtuhumiwa wa kosa kubwa atolewe sampuli ya DNA. Dola, kwa hiyo, imejipa ufunguo wa mwili wa mshtakiwa. Aliyekwisha kuhukumiwa hana ufunguo wa namna hiyo kwa ghala la dola. Anacho Kifungu cha 50(6) cha Katiba ya 2010, kinachomruhusu kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya iwapo rufaa yake imekwisha na umepatikana ushahidi mpya wenye uzito. Lakini ushahidi huo autoe wapi, ikiwa kipimo chenyewe ndicho anachokiomba? Katiba inamtaka aje na maji kisimani.

Ugumu huu huzidi katika wizi wa mabavu, kosa ambalo bado linabeba adhabu ya kifo. Uamuzi wa Muruatetu wa 2017 uliondoa ulazima wa adhabu hiyo katika mauaji, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba haukugusa makosa mengine. Kesi za wizi wa mabavu husikilizwa na mahakimu, na mara nyingi husimama juu ya macho: tochi iliyomulika kwa nukta chache, sauti iliyotambuliwa gizani, gwaride la utambulisho. Nyuma ya macho hayo kuna kijiji kilichokwisha kuamua. Lisemwalo lipo, husemwa, na methali hiyo imewafikisha watu wengi mahali ambapo wakili wa mtetezi hakuwapo.

Nguvu za macho zilipimwa huko Marekani. Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo Maryland mwaka 1985 kwa ushahidi wa watu watano walioapa kuwa walimwona. Mwaka 1993 DNA ilionyesha kuwa si yeye. Mashahidi hao hawakuwa waongo, na hilo ndilo la kutisha. Kwa upande wa pili, Roger Coleman aliuawa Virginia mwaka 1992 akisisitiza kuwa hana hatia. Kipimo cha 2006 kilithibitisha kuwa sampuli ilikuwa yake. Wapo wanaoutumia mfano huu kusema kuwa vipimo ni mbinu ya wenye hatia kuchelewesha. Ukisomwa vizuri unasema jingine: kwa miaka 14 Virginia haikujua ilichokuwa imekifanya, na familia ya aliyeuawa iliishi na shaka ambayo maabara ingeweza kuwaondolea.

Isisahauliwe kwamba DNA si kadhi wa kila jambo. Palipotumika rungu na kuporwa simu, huenda pasiwe na tone lolote. Damu ya mtu katika shati husema alikuwapo. Haisemi alikusudia nini. Lakini mwili una desturi ya kukanusha maelezo rasmi. Mnamo Septemba 2000 wafungwa sita waliohukumiwa kifo walikufa katika gereza la King'ong'o, Nyeri. Ilielezwa kwamba waliruka ukuta wakitoroka. Upasuaji wa maiti ulionyesha kuwa walipigwa, na askari jela wakafikishwa mahakamani. Katika kisa hicho wafungwa walisikilizwa walipokuwa maiti.

Hivyo basi, haki ya kupimwa haina maana pasipo wajibu wa kuhifadhi. Kwa kawaida rufaa ikisha, vielelezo hurudishwa kwa wenyewe au huharibiwa. Shati, panga na kipande cha blanketi vilivyokaa katika stoo ya kituo cha polisi cha Nanyuki, vikiwa na unyevu na nambari ya kesi iliyoandikwa kwa kalamu, vinaweza kuchomwa moto siku moja ya usafi, ilhali mwenye kesi yuko Nyeri akihesabu mwaka wa 17. Siku hiyo hakuna atakayesema kuwa mtu amenyongwa.