Sauti Isiyoweza Kukataa

Liko swali moja tupendalo kulifikiri pamoja nanyi mwezi huu: Je, yafaa moyo wa mtu kuguswa na sauti isiyo na moyo? Huenda mtu atasema kwamba swali hili ni la vijana tu. Sisi nasi tulisema vivyo hivyo muda wa miaka mingi, na sasa twaona ya kuwa tulikosa.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Huko Japani kampuni iitwayo Yamaha ilitengeneza programu ya kompyuta, jina lake Vocaloid, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004. Kazi yake ni kuimba. Mtu mwenye sauti nzuri huketi mbele ya kinasa sauti, akatamka vipande vingi vya matamshi, kimoja baada ya kimoja, na vipande hivyo huwekwa akiba. Kisha mtunzi, akiwa peke yake chumbani mwake, huandika noti na maneno, nayo programu huviunga vile vipande kuwa wimbo. Kila aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu ataelewa upesi, maana Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili chetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Ni kana kwamba mtu amezichukua silabi zilizoandikwa ubaoni, akazipanga, nazo zikaanza kuimba.

Tarehe 31 Agosti 2007 kampuni ya Crypton Future Media, ya mji wa Sapporo, ilitoa sauti iliyopewa jina la Hatsune Miku. Aliyetoa vipande vyake ni mwigizaji wa sauti, Bibi Saki Fujita. Juu ya kasha alichorwa msichana mwenye nywele ndefu za rangi ya feruzi, akapewa umri wa miaka 16. Haukupita muda mrefu, nyimbo zikawa maelfu. Wengi wa watunzi walikuwa vijana wasiojulikana, wasio na bendi wala fedha za kumlipa mwimbaji, nao walizitangaza kazi zao katika intaneti, kwenye jukwaa liitwalo Nico Nico Douga.

Sisi tulizisikia nyimbo hizo ujanani, tukiwa mbali na Japani. Lugha hatukuijua, lakini silabi zake hazikutushinda ulimi, tukaziimba tukiwa njiani na tukiwa kazini. Ndipo wenzetu walipotucheka wakisema, "Ninyi mwalilia kompyuta!" Tukaona haya. Tukazifuta nyimbo zetu, na kila tulipoulizwa tulijibu kwamba ulikuwa mchezo wa utotoni tu.

Basi, siku moja, baada ya miaka zaidi ya kumi, tuliifungua kompyuta ya zamani tukitafuta hati, tukakuta wimbo mmoja uliosalia. Jina lake "Rolling Girl", wa mwaka 2010, kazi ya mtunzi aliyejiita wowaka. Tuliufungua kwa kicheko, lakini hatukuumaliza kwa kicheko. Zamani tulisikia mbio zake tu, jinsi maneno yanavyofukuzana hata pumzi ya mwanadamu isingeyafuata kwa urahisi. Sasa, tukiisoma na tafsiri yake, tulimsikia mtu aliyechoka, ajaribuye na kuanguka, kisha akajaribu tena. Tukauliza habari za mtunzi, tukaambiwa kwamba alifariki tarehe 5 Aprili 2019, naye alikuwa na miaka 31 tu. Tukanyamaza. Aliyeandika hayupo, sisi tuliosikiliza tumekuwa watu wazima, bali ile sauti ingali na miaka 16, nayo haina habari ya lolote lililotokea.

Hapo ndipo swali letu lilipotuelemea. Mtu atasema: "Sauti hiyo haikuchoka wala haikuhuzunika. Basi aliyeguswa nayo amedanganywa, naye hulia bure." Tujibuje? Na tukumbuke jambo tulijualo sote. Mama mmoja kijijini hajui kusoma. Barua imefika kutoka kwa mwanawe aliye mbali, naye amwita mtoto wa jirani, mwanafunzi, amsomee. Mtoto asoma silabi kwa silabi, akili yake iko kwenye mpira wake uliobaki uwanjani. Huzuni ya barua haimo ndani yake hata kidogo. Lakini mama alia, wala hakuna mtu amwambiaye kwamba amedanganywa. Kwa maana hakumlilia msomaji, alimlilia aliyeandika. Vivyo hivyo sauti ya Hatsune Miku ni msomaji wa barua. Tuliocheka na tuliochekwa, sote tulimtazama msomaji, wala hatukuuliza barua imetoka kwa nani.

Walakini, liko neno lingine lililo zito zaidi, nasi hatupendi kulipita. Yule mtoto, akiisha kuona kwamba barua ni ya matusi, aweza kuikunja na kusema, "Mama, hii siwezi kuisoma." Mwimbaji naye aweza kumrudishia mtunzi karatasi yake. Sauti ya mashine haiwezi kukataa. Huimba maombolezo na matusi, faraja na uongo, kwa utamu ule ule wa msichana asiye na hatia. Kweli hii lazima tuikubali: kitu kimoja kimepungua hapa, yaani dhamiri ya yule aliyesimama kati ya mtunzi na msikilizaji.

Je, dhamiri hiyo imepotea? Twaona kwamba haikupotea, bali mzigo wake umewaangukia wawili waliosalia. Mtunzi hawezi kujificha nyuma ya mwimbaji, na msikilizaji hawezi kusema, "Sauti ilikuwa tamu, basi nikapokea." Ujanani tulipokea yote. Zilikuwamo nyimbo zilizochezea mauti na kujiumiza kana kwamba ni mapambo, nasi tulizimeza kwa sababu zililetwa na sauti ya kitoto. Leo twazirudia nyimbo zile, lakini si zote. Kurudi kwa mtu mzima si kurudi kama alivyotoka.

Tena, anayedhani kwamba sauti hii ni ya watoto tu, na amfikiri mzee Isao Tomita. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 80, alitoa simfonia yake iitwayo "Ihatov", akaiweka sauti ya Hatsune Miku pamoja na okestra na kwaya za watu hai. Na kijana aliyejiita Hachi, ambaye zamani alitunga akiitumia sauti hiyo, baadaye alijitokeza kwa jina lake mwenyewe, Kenshi Yonezu, naye sasa huimba kwa koo lake. Kwake ile sauti ilikuwa kama mkongojo: alitembea nao mpaka miguu yake ikapata nguvu.

Basi kosa letu lilikuwa nini? Halikuwa kuguswa, wala halikuwa kukua. Kosa letu ni kuikana furaha yetu kwa kuogopa kicheko, bila kuipima kwanza kama ni njema au ni mbaya. Mtu akiacha kitu kwa kuwa amekipima, ameacha kama mtu mzima. Akiacha kwa kuwa amechekwa, angali mtoto, hata akiwa na mvi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia sauti ikakugusa, iwe ya mtu au ya mashine, usiione haya upesi, wala usiiamini upesi. Uliza kwanza: Barua hii ni ya nani, nayo yaniambia nini? Ukiisha kumjua mwandishi, mshukuru kama angali hai. Yule wetu hatukuwahi kumshukuru.