Nani Anafungwa Leso?

Kule Kikima, kwenye milima ya Mbooni, ni nadra mwanamke kwenda matangani bila leso kwenye mkoba. Akishawapa wafiwa pole, anaifunga juu ya rinda lake zuri na kuelekea kwenye sufuria. Hakuna aliyemtuma. Sisi wanaume tukishachinja mbuzi, tunarudi kwenye hema kungoja chai.

Ukiuliza, utaambiwa leso inakinga nguo: masizi, mafuta, unga. Sawa. Lakini hata shati langu hushika masizi, na sijawahi kutafutiwa kitu cha kujifunga. Kwa hivyo najiuliza: ukimpa mtu vazi la kazi, unamkinga au unamwandika kazi?

Angalia watoto. Msichana wa miaka sita anakunjiwa leso mara mbili, anafungwa kifuani ili asilowe akiosha vyombo. Kaka yake akisogea anaambiwa, "Toka hapo, utachafua nguo!" Uchafu ni uleule, ila wamefunzwa mambo mawili tofauti. Mmoja amejua uchafu una kinga. Mwingine amejua uchafu una mwenyewe, na si yeye. Miaka ishirini baadaye utampata kwenye bedsita huko Umoja, akila kibandaski kila siku na sinki imejaa vyombo. Hiyo si raha. Ameachwa bila ujuzi wa kujitunza.

Najua kuna atakayesema nisiingize siasa kwenye leso. Susu yangu atacheka akisikia haya. Kwake leso ni heshima, ni shuka la mjukuu, ni pochi: noti anazifunga kwenye pindo. Hajaniomba nimkomboe, na ana haki. Hata jina lenyewe lilitoka kwa Wareno, na kwao lilimaanisha kitambaa cha mkononi tu. Hii kazi yote tuliibandika sisi.

Basi kosa si la kitambaa. Tukiwavua akina mama leso leo, vyombo vitabaki palepale, na wataviosha wakiwa wamelowa. Haki hapa ni kuongeza wanaofungwa. Shuleni mtaala wa CBC unawafunza wavulana na wasichana mapishi pamoja. Aibu iliyobaki ni ya nyumbani.

Na leso huuzwa vipande viwili. Kimoja mfunge dada. Kingine usikiweke kabatini, kaka yake amesimama hapo.