Subira au Woga?

Msomaji kijana, wazee wetu wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema subira huvuta heri. Ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi walimu aghalabu huzifundisha zote mbili kwa juma moja, wala hatusemi ni lini ifuatwe hii na ni lini ifuatwe ile. Swali hilo nataka tulitazame mahali ambapo huenda hukutarajia kumkuta mwalimu: penye meza ya karata.

Sikusudii kukufundisha kamari. Kamari imefilisi nyumba nyingi, na dini za wengi wetu zaikataza. Lakini tabibu huichunguza sumu bila ya kuinywa.

Katika mashindano ya mchezo uitwao poka, kila mchezaji hulipa kiingilio, akapewa vipande vinavyosimama badala ya fedha. Kwa kanuni ya kale, aliyeishiwa hanunui vingine. Huinuka akaenda zake. Kila zamu inapozunguka meza nzima, mchezaji hulazimika kuweka madau mawili, dogo na kubwa, apende asipende, na madau hayo hupandishwa kila baada ya muda. Kwa hiyo anayekaa kimya hakai bure.

Tuseme mtu amebakiwa na vipande 12,000, na madau ya lazima ni 500 na 1,000. Mzunguko mmoja wamgharimu 1,500. Basi ana mizunguko 8 ya uhai. Wachezaji huiita hesabu hii M, kwa heshima ya Paul Magriel, Mmarekani aliyepata kusomesha hisabati. Mtu huyu akiweka vyote kwa mara moja, mwenye dau kubwa hana budi kuongeza 11,000 ili apate 13,500. Atasita, yamkini atatupa karata zake, na yule mnyonge ataokota madau bila ya vita. Sasa tuseme amengoja mizunguko 5 akitumaini karata njema. Amebakiwa na 4,500, na madau yamekwisha kupanda kuwa 1,000 na 2,000. Akithubutu sasa, mpinzani huongeza 2,500 tu ili apate 7,500. Nani atasita? Atamkubalia hata kwa karata hafifu. Mtu yule hakupoteza vipande tu. Amepoteza uwezo wa kuogopwa, na uwezo huo ndio uliokuwa mali yake kubwa.

Hapa moyo wa binadamu humchezea shere mwenyewe. Mwenye kungoja hujiona ana busara, kwa kuwa hapana saa hata moja awezayo kuinyoshea kidole akasema, hapa ndipo nilipokosea. Alipotea kidogo kidogo. Mwenye kuthubutu akashindwa huonwa na watu wote akiinuka mezani, nasi twamhesabu mpumbavu. Walakini hata mwenye ree mbili, karata zilizo bora kuliko zote mwanzoni, akikabiliwa na karata zozote zile hushindwa kama mara 15 katika 100. Ikiwa ndivyo, si haki kumpima mtu kwa matokeo peke yake. Na tumpime kwa yale aliyoyajua alipoamua.

Wala usiniambie kuwa kuthubutu ndiko ushujaa siku zote. Zawadi hupanda kadiri wachezaji wanavyotoka. Ikiwa wenzake wawili wana vichache kuliko yeye, na wakitoka wao yeye atalipwa, kungoja ni hesabu njema. Huyu analijua angojalo. Yule wa kwanza alingoja kwa sababu kuamua kulimtisha.

Mwaka 1982, huko Las Vegas, Jack Straus alishiriki mashindano makubwa ya dunia pamoja na wengine 103. Husimuliwa kwamba alidhani ameishiwa, akainuka, akakuta kipande kimoja kimejificha chini ya karatasi ya kupangusia mikono. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka vyote, aliruhusiwa kuendelea, naye akashinda dola 520,000. Wengi huihubiri hadithi hii kuwatia watu matumaini. Mimi naiogopa kidogo. Waliobakiwa na kipande kimoja wakaenda nyumbani mikono mitupu hawana msimulizi. Tena Straus hakuwa na la kuchagua. Mtu aliye katika shida ya kweli ni yule mwenye mizunguko 8, ambaye bado aweza kujidanganya.

Namjua mtu huyo. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, katika mtihani wa hisabati, nilikwama katika swali la pili. Nilikalia kiti nikingoja kanuni inirudie, saa ikienda, na maswali matatu niliyoyaweza yakinitazama. Kanuni haikuja. Kengele ilipolia nilikuwa nimelianza moja tu kati ya hayo matatu, kwa mwandiko wa kukimbia. Mama aliponiuliza mambo yalikwendaje, nilimjibu kwamba niliufanya mtihani kwa utulivu.